Daktari wa meno mwenye kliniki yako: muda wako unapotelea wapi?

Mtoa mada (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, na hasa madaktari wa meno wenzangu mliojiajiri, naomba tujadili jambo ambalo darasani halikupewa nafasi. Kwa miaka mitano ya shahada tulifundishwa kuziba, kung'oa, kutibu mzizi na kutengeneza meno ya bandia, lakini sikumbuki kipindi hata kimoja kilichotuandaa kwa siku ambayo daktari, mhasibu, mnunuzi wa vifaa na msimamizi wa wafanyakazi watakuwa mtu mmoja. Nina kliniki ya viti viwili hapa Tanga, na huu ni mwaka wa saba tangu niifungue. Katika miaka minne ya mwanzo nilikuwa nikifika saa moja asubuhi na kuondoka saa tatu usiku, nikiamini kwa dhati kwamba nimezidiwa na wingi wa wagonjwa.

Mwaka wa tano nilimwomba dada wa mapokezi afungue daftari, na kwa wiki mbili aandike habari za kila mgonjwa: saa aliyofika, saa aliyoketi kitini, saa nilipoanza kumhudumia, saa nilipomaliza, na saa ambayo kiti kilikuwa tayari kupokea mwingine. Tulipolisoma pamoja nilinyamaza kwa muda. Katika siku nyingi, muda ambao mikono yangu ilikuwa kinywani mwa mgonjwa haukufika nusu ya muda niliokuwa kliniki. Uliobaki ulikwenda katika kusubiri ganzi ishike, kusubiri vifaa vitoke kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto), kupokea simu za wauzaji wa dawa, kutafuta faili, na kueleza upya gharama za matibabu ya mzizi kwa mtu ambaye angeweza kuelezwa na mtu wa mapokezi kabla hajaingia.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba wengi wetu hatuna uhaba wa saa. Tumechanganya saa za kiti na saa za umiliki, na kila upande unaula mwingine. Daktari aliyeajiriwa hospitalini akiinuka kitini, kazi yake imekwisha. Sisi tukiinuka kitini ndipo nusu ya pili inaanza, na kwa kuwa nusu hiyo haina saa yake katika kitabu cha miadi, inaingia kwa kupenya katikati ya wagonjwa.

Nianze na ganzi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi. Lidokeini yenye adrenalini, ikichomwa kwenye ufizi wa juu karibu na mzizi, kwa kawaida hushika ndani ya dakika mbili au tatu, lakini sindano ya kuzuia neva ya taya la chini huhitaji dakika tatu hadi tano, na mara nyingine kumi. Zamani nilikuwa nikichoma, kisha nasimama pale pale nikitazama saa au simu yangu. Sasa nikishachoma katika kiti cha kwanza, nahamia kiti cha pili kumwona mgonjwa wa uchunguzi au wa kuondolewa nyuzi, ambaye amepangwa makusudi katika muda huo. Hata hivyo, mgonjwa aliyechomwa ganzi haachwi peke yake hata kwa dakika moja, kwa kuwa wanaozimia huzimia zaidi katika dakika hizo hizo za mwanzo. Msaidizi hubaki naye, akizungumza naye na kumtazama uso, na anajua kukilaza kiti na kuinua miguu ya mgonjwa kabla hata hajaniita. Asiye na msaidizi aliyefundishwa hivyo asiuige utaratibu huu.

Jambo la pili ni otoklevu. Tunapoambiwa kwamba vifaa hutakasika kwa dakika tatu katika nyuzi joto 134, au kwa dakika kumi na tano katika nyuzi 121, tunasahau kwamba hizo ni dakika za joto likiwa limekwisha kufika. Ukijumlisha kupasha, kutoa mvuke na kukausha, mashine yangu hutumia kama dakika arobaini na tano, na kabla ya hapo kuna kuosha, kukagua na kufunga kwenye pakiti, kazi inayochukua dakika ishirini. Trei iliyotumika saa mbili na nusu asubuhi haiwezi kurudi mezani kabla ya saa tatu na nusu, hata kila kitu kikienda vizuri. Nilikuwa na trei sita za uchunguzi na viti viwili vinavyopokea wagonjwa wanne kwa saa, kwa hiyo kufikia saa nne asubuhi trei zote zilikuwa ama chafu ama ndani ya mashine, nasi tumekaa. Nilinunua trei sita nyingine na seti mbili za makoleo, na matumizi hayo yaliniletea nafuu kuliko kifaa chochote cha kisasa nilichokuwa nikikitamani. Msijaribu kuufidia muda huo kwa kufupisha ukaushaji, kwa sababu pakiti iliyotoka na unyevu haihesabiwi kuwa imetakasika, na inabidi irudiwe kuanzia mwanzo.

Tatu ni mpangilio wa siku na wiki. Nilikuwa nikimpa kila mgonjwa nafasi ya kwanza iliyo wazi. Sasa watoto nawaweka asubuhi, kabla hawajachoka na kuanza kulia kwa njaa na usingizi. Mgonjwa wa kisukari naye anakuja asubuhi, akiwa amekula na kutumia dawa zake kama kawaida. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, akihitaji kung'olewa, namweka mapema katika siku na mapema katika wiki, ili damu ikikataa kusimama nimkute nikiwa kazini na hospitali ikiwa na watu. Magego ya mwisho yaliyolala mfupani sasa nayang'oa Jumatatu au Jumanne. Maumivu ya tundu lililopoteza donge lake la damu huanza sanasana kati ya siku ya pili na ya nne. Nilipokuwa nikifanya upasuaji huo Ijumaa, Jumapili yangu ilikuwa ya simu, na mgonjwa naye alikuwa akiteseka bila sababu.

Jino linalouma halina miadi, na hilo halitabadilika. Kwa hiyo kila siku naacha nafasi mbili wazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, ambazo mapokezi hawaruhusiwi kuzijaza kabla ya siku yenyewe. Anayekuja na maumivu anaondolewa maumivu: jino linafunguliwa, usaha unatolewa, au linang'olewa ikiwa halina matumaini. Matibabu yaliyosalia yanapewa miadi yake. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kumtibu mgonjwa wa dharura mpaka mwisho, katikati ya miadi ya watu wengine, ni kuwadhulumu watu watatu waliofika kwa wakati.

Naomba michango yenu, na msisite kunikosoa.

Mchangiaji (Dodoma)

Daktari, nashukuru kwa uzi huu. Ningependa kujua unafanyaje na wagonjwa wasiotokea. Mimi nilianza kudai kishika nafasi kwa kila miadi, kwa njia ya lipa namba, na kwa miezi miwili kitabu changu kilitulia sana. Lakini baadaye niligundua kwamba wale waliokuwa wakitembea kutoka vijijini wametoweka kabisa. Hawakuwa wakaidi. Mtu anayeuza kuku ili atibiwe jino hana fedha leo kwa ajili ya Alhamisi ijayo. Niliufuta utaratibu ule, na kitabu kimerudi kuvurugika. Nipo njia panda.

Mtoa mada (Tanga)

Ndugu yangu, hata mimi nilipita hapo, na nadhani kosa ni kudai kwa kila miadi. Mimi nadai malipo ya awali kwa kazi mbili tu: ile itakayozidi saa moja kitini, na ile ambayo fundi wa maabara ya meno lazima alipwe kabla hajaanza, kama vile meno ya bandia. Kung'oa, kuziba na kusafisha ukoga hakuna kishika nafasi. Badala yake, mapokezi hutuma ujumbe siku mbili kabla, na jioni ya kuamkia miadi wanapiga simu. Simu hiyo ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu mtu akishatamka kwa kinywa chake kwamba atakuja, huja, au hutoa taarifa mapema.

Kuna chanzo kingine cha wagonjwa kukosa miadi ambacho nilikuwa nikiwalaumu wao, kumbe kosa lilikuwa langu. Programu ya miadi niliyoinunua ilikuwa ikituma ujumbe ulioandikwa «2:00 PM». Mama mmoja mtu mzima alifika saa mbili asubuhi, akasubiri saa sita nzima kwenye benchi bila kulalamika, kwa kuwa aliona amefika kwa wakati na sisi ndio tuliochelewa. Alipoeleza, niliona aibu kubwa. Tangu siku hiyo ujumbe wetu unaandikwa kwa maneno kamili: «Jumanne, saa nane mchana». Saa za namba zimebaki ndani ya kompyuta, hazitoki nje.

Mchangiaji (Mombasa)

Assalamu alaykum. Nimelisoma hilo la saa mbili na nikaona niongeze la usiku, kwa kuwa linatuhusu sana watu wa Pwani. Katika mwezi wa Ramadhani wagonjwa wangu wengi hawataki kutibiwa mchana, hasa kung'olewa, kwa hofu ya kumeza damu au maji wakiwa wamefunga. Kwa hiyo nafungua asubuhi kwa saa chache, nafunga alasiri, na nafungua tena baada ya tarawehe. Mwaka wa kwanza nilimwambia mgonjwa, kwa mdomo, aje «usiku wa Ijumaa». Mimi nilikusudia Ijumaa jioni. Yeye, kwa hesabu ya wazee wetu ambayo siku huanza jua likizama, alikuja Alhamisi usiku na kukuta mlango umefungwa. Sasa tunasema «usiku wa kuamkia Ijumaa» au «Ijumaa baada ya Isha», na tunataja tarehe.

Vilevile, kila Ijumaa sipangi mtu yeyote kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Hapo awali nilikuwa nikijibana, namaliza kuziba jino nikiwa na haraka ya kwenda msikitini, na kazi ya haraka hujitokeza baada ya miezi mitatu jino likirudi na maumivu. Muda ambao unajua hutakuwepo ni afadhali uufute kitabuni mapema.

Mchangiaji (Mwanza, msaidizi wa daktari wa meno)

Shikamooni. Mimi si daktari, nimefanya kazi ya usaidizi kwa miaka kumi na mmoja katika kliniki za watu binafsi, na naomba kusema jambo kwa heshima. Katika maelezo yote yaliyotangulia nimeona muda wa daktari na muda wa mgonjwa. Sijaona muda wa msaidizi. Daktari akihama kutoka kiti cha kwanza kwenda cha pili, anaona kwamba ameokoa dakika tano. Lakini mimi niliyebaki nyuma ninatakiwa kumwangalia aliyechomwa ganzi, kufuta kiti, kubadilisha vifuniko, kupeleka trei chafu, na kumwandalia daktari vifaa vya kiti cha pili, zote kwa wakati mmoja. Siku ambazo kitabu kimejaa hivyo, ndizo siku ambazo tunajichoma na sindano zilizotumika. Mimi nimewahi kujichoma, na wiki za kumeza dawa za kinga na kusubiri majibu ya vipimo sitazisahau.

Ombi langu ni dogo. Kitabu cha miadi kiwe na safu mbili, moja ya daktari na moja ya msaidizi, na dakika kumi za kuandaa kiti ziandikwe kama zinavyoandikwa dakika za kuziba jino. Kazi isiyoandikwa huonekana kama haina muda.

Mtoa mada (Tanga)

Dada yangu, nashukuru kutoka moyoni, na pole sana kwa yaliyokupata. Umenionyesha tundu kubwa katika hesabu yangu. Daftari langu lilikuwa na saa ambayo kiti kilikuwa tayari, lakini sikuwahi kuuliza ni nani aliyekifanya kiwe tayari, na alikuwa ameacha nini ili akifanye. Jana jioni niliwaita wasaidizi wangu wawili na kuwasomea ujumbe wako. Mmoja aliniambia kwamba hajawahi kula chakula cha mchana akiwa ameketi siku za Jumatatu, na kwa miaka mitatu sikuliona hilo. Tumekubaliana kwamba sitahama kiti ikiwa msaidizi wa pili yupo kwenye chumba cha kutakasia vifaa. Na kuna siku nitasimama nikisubiri ganzi kama zamani.

Mchangiaji (Moshi)

Vijana wangu, mimi nimestaafu utumishi wa umma na sasa nina chumba kimoja na kiti kimoja, siku nne kwa wiki. Niseme kuhusu umeme, kwa maana hakuna aliyeugusa. Umeme ukikatika, kompresa inasimama, drili inasimama, na nimeona madaktari wakiwarudisha wagonjwa wote nyumbani kana kwamba kliniki imefungwa kwa amri ya serikali. Ipo mbinu ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba kwa saruji ya glasi aionoma, bila drili, na mara nyingi bila ganzi. Mbinu hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani liliinadi kwa ulimwengu mzima katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Inasikitisha kwamba wapo vijana wanaoifahamu kwa jina tu.

Mimi nina orodha iliyobandikwa ukutani ya kazi zinazowezekana bila umeme: uchunguzi, kung'oa jino lisilohitaji upasuaji, kuziba matundu madogo kwa mkono, kukwangua ukoga kwa vifaa vya mkono, kupaka floraidi ya fedha kwenye meno ya watoto, dawa ambayo tangu 2021 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Umeme ukikatika, mtu wa mapokezi anatazama orodha na kuwapanga upya waliopo, wala hanisubiri mimi niamue.

Lingine ni kuhusu kuanza siku. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Norman Bailey, alichapisha utafiti wa foleni za wagonjwa wa nje hospitalini, akapendekeza kwamba daktari aitiwe wagonjwa wawili mwanzoni mwa zamu, na wanaofuata waje mmoja mmoja kwa kadiri ya wastani wa muda wa huduma, ili mgonjwa wa kwanza akichelewa daktari asikae bure. Nimeijaribu. Kwa kiti cha meno inafaa ikiwa mmoja wa wale wawili ni wa uchunguzi tu. Ukiwaita wawili wa kuziba, wa pili atakaa saa nzima na hatakusamehe.

Mtoa mada (Tanga)

Shikamoo mwalimu. Orodha ya ukutani nimeichukua, na nitaibandika wiki hii.

Mchangiaji mmoja ameniandikia pembeni akiuliza saa za umiliki ninaziweka wapi. Jumatano, kuanzia saa saba mchana, kiti changu hakipokei mgonjwa. Tabibu wa meno ninayefanya naye kazi anashughulikia wenye maumivu. Alasiri hiyo ndipo ninapolipa wauzaji, kukagua akiba ya ganzi na glavu, kuzungumza na wafanyakazi, na kutazama kalenda ya mwaka iliyopo mlangoni. Kalenda hiyo ina tarehe ambazo hazinisubiri: kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, awamu za kodi ya mapato mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kuhuisha leseni yangu ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na kibali cha mashine ya eksirei kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki. Kabla ya kuwa na Jumatano, mambo haya yote niliyafanya usiku wa mwisho, nikiwa na usingizi.

Madai ya bima pekee hayangojei Jumatano. Niliwahi kurudishiwa fomu za mwezi mzima na mfuko mmoja kwa sababu ya saini na namba za meno zilizokosekana, na nilipokaa kuzijaza sikuweza kukumbuka ni gego lipi nililoziba kwa mgonjwa yupi. Fedha ile sikuipata yote. Siku hizi fomu hujazwa mgonjwa akiwa bado ameketi, msaidizi akisoma na mimi nikithibitisha, nayo hutumia dakika mbili.

Mchangiaji (Dodoma)

Nitaanza na daftari. Naomba utuandikie safu zake kamili, pamoja na hizo za msaidizi.

Mtoa mada (Tanga)

Bila shaka. Chora safu hizi: aliyepangwa saa ngapi, alifika saa ngapi, aliketi saa ngapi, daktari alianza, daktari alimaliza, kiti kilikuwa tayari, nani alikiandaa, na ya mwisho pana kidogo iitwayo «tulisubiri nini». Safu hiyo ya mwisho ijazwe kwa neno moja au mawili, kama vile ganzi, trei, faili, simu, umeme, fundi. Asiijaze daktari, kwa sababu atajionea huruma. Ijazwe na mtu wa mapokezi. Fanya hivyo kwa siku kumi na mbili za kazi zisizo na sikukuu wala mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwisho wa mwezi mishahara hutoka na wagonjwa huongezeka. Mimi naanza tena Jumatatu, safari hii nikiwa na safu ya msaidizi, na nitarudi hapa na matokeo.